Mkutano wa Wanaoacha Pombe: Hotuba ya Karani wa Chama



Nimeombwa niseme habari ya ulevi. Sitasema kwamba ulevi ni mbaya. Maneno hayo mlevi ameyasikia kuliko ninyi nyote. Nimekuja kueleza namna mtu aliyefungwa na pombe awezavyo kuwapata wenzake wa kumsaidia, na wajibu wetu sisi ili apate kuwafikia.

Wazee wanajua kwamba zamani, hapa Ukambani, kaluvu ilikuwa pombe ya watu wazima, nayo ilikuwa na mahali pake, kama vile mahari na kumaliza mashauri. Siku hizi pombe huuzwa kwa mwenye fedha, na nyingine ni sumu. Mwezi wa Mei 2014 pombe iliyotiwa methanoli iliua makumi ya watu katika Embu, Kiambu, Makueni na hapa kwetu Kitui, na wengine wakapofuka. Sheria ya 2010 iliweka saa za kuuza pombe. Lakini sheria hufunga mlango wa kilabu, haifungi kiu ya mtu.

Ninaye ndugu, tumezaliwa tumbo moja, naye ameniruhusu niseme habari zake bila kumtaja jina. Aliuza mbuzi, akauza mahindi ya watoto, kisha akang'oa mabati ya jiko. Tulimkaripia. Mara mbili tulimwapisha mbele ya wazee, na mara mbili alirudi kilabuni kabla mwezi haujaisha. Siku moja, sokoni Mwingi, dereva wa lori alimwambia, “Hata mimi nilikuwa kama wewe.” Neno hilo lilifanya kazi ambayo makaripio yetu ya miaka sita hayakuweza. Dereva yule akampeleka mkutanoni Nairobi.

Mkutano wenyewe ni wa jamii iitwayo Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina. Wengi husema AA tu. Ilianza mwaka 1935 katika mji wa Akron, Marekani, baada ya Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York, kukutana na Dakta Bob Smith, daktari wa upasuaji. Wote wawili walikuwa walevi, nao wakaona kwamba mlevi akizungumza na mlevi mwenziwe, wote wawili hupata nguvu ya kukaa bila kunywa. Hakuna ada. Sharti la kuingia ni moja, nalo ni kutaka kuacha pombe. Watu huketi, mmoja husimulia maisha yake, wengine husikiliza bila kumkatiza. Hutumia jina la kwanza tu, na yaliyosemwa humo hubaki humo.

Anayetaka kuupata mkutano na aulize hospitalini, au apige simu nambari 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi. Simu hiyo hailipiwi. Aulize siku, saa na mahali. Tena aulize kama mkutano ni wa wazi, ambao mke au ndugu aweza kuhudhuria, au ni wa wenye shida hiyo peke yao. Iko pia mikutano ya kwa simu kwa walio mbali. Siku ya kwanza halazimishwi kusema neno. Wala asihukumu kwa mkutano mmoja. Ahudhurie kadha wa kadha. Lakini anayekunywa sana kila siku amwone daktari kabla ya kuacha, kwa maana kuacha ghafula kwaweza kuleta kutetemeka na kifafa, hata kifo.

Ndugu zangu, kutoka hapa Migwani ni matatu hadi Mwingi, kisha barabara ya Thika hadi Nairobi. Mwezi wa kwanza ndugu yangu alikosa mikutano miwili kwa ajili ya nauli, naye akaanguka. Juma lililofuata alirudi, na hakuna aliyemfukuza wala kumcheka. Leo ametimiza miezi 14.

Kwa hiyo naleta maombi matatu mbele ya mkutano huu. Kwanza, chama kitoe chumba chake jioni moja kila juma, ili wanaoacha pombe wa hapa kwetu wakutane bila kwenda mbali. Pili, tutenge fedha kidogo za nauli kwa anayeanza. Tatu, nalo ni gumu kuliko yote, tuzuie ndimi zetu: anayeonekana akiingia chumba hicho asiwe hadithi ya sokoni. Mficha maradhi kifo humfichua, lakini wengi huficha kwa sababu ya kutuogopa sisi.

Wazee wangu, mwethya ulipoitwa, hakuna aliyemwuliza mwenye shamba kwa nini alikawia kulima. Kila mtu alikuja na jembe lake. Naomba tuwaendee hawa namna hiyo hiyo, nanyi wazee mseme leo, kabla hatujatawanyika, kama chumba kitatolewa.