Kifuko chenye uzi na chujio la nyumbani

Katika Mkoa wa Tanga ziko Kwamsisi mbili. Moja ni kata ya Korogwe mjini, na nyingine ni kata ya Wilaya ya Handeni. Zote zimo katika nchi ya joto, nchi ya mkonge na mahindi, ambako chai haistawi. Lakini anayesimama Korogwe mjini na kuinua macho anaiona milima ya Usambara, na huko juu, Dindira, Bungu na Ambangulu, katika wilaya hiyo hiyo ya Korogwe, chai imelimwa tangu zamani. Kwa hiyo watu wa Kwamsisi wanakunywa chai wakiwa miguuni pa mlima wa chai. Leo nataka tuifuate chai hiyo mpaka jikoni, tuulize swali ambalo siku hizi linazigawa nyumba nyingi: tununue majani ya kupika sufuriani, au vifuko vya kutumbukiza kikombeni?

Nimesema linazigawa nyumba, nami sitii chumvi. Iko desturi iliyoingia mijini na sasa imefika hata vijijini. Familia ikiwa peke yake hupika chai ya majani, ikachujwa, ikatiwa kwenye chupa. Akibisha hodi mgeni wa heshima, tuseme mkwe au mwalimu mkuu, chujio linafichwa. Linaletwa sinia lenye maji ya moto, sukari, na kijisanduku cha vifuko vyenye uzi. Mgeni anakaribishwa ajichanganyie mwenyewe. Mtoto anakuwa ametumwa mbio dukani akanunue vifuko hivyo kwa fedha iliyokuwa ya mboga. Ukiuliza kwa nini, utajibiwa kwamba kumpa mgeni chai ya kuchujwa ni kumdharau.

Sasa tutazame hiyo heshima imetoka wapi.

Karibu chai yote inayosindikwa Tanzania kwa soko hutengenezwa kwa njia moja. Majani mabichi hunyaushwa, kisha hupitishwa katika mitambo inayoyaponda, kuyachana na kuyaviringisha mpaka yawe chembechembe. Mitambo ya namna hiyo ilianzia Assam, India, katika miaka ya 1930. Chembe hizo huachwa zibadilike rangi, hukaushwa, halafu huchekechwa kama tunavyochekecha unga. Zinazobaki kwenye chekecheke la juu ni kubwa, zinazofuata ni ndogo, na za chini kabisa ni vumbi la chai. Vifuko hujazwa chembe ndogo na mara nyingi vumbi, kwa sababu hizo hutoa rangi upesi mtu akiwa na haraka. Kwa hiyo lililomo ndani ya kifuko si jani lililochaguliwa kwa ajili ya wakubwa. Ni chai ile ile ya kwenye pakiti, na pengine iliyosagika zaidi. Haki nayo tuitende: hata hayo tunayoyaita majani siyo majani mazima. Nayo ni chembe, ila ni kubwa kidogo.

Kifuko chenyewe kilianza kwa ajili ya urahisi. Wanawake wawili wa Milwaukee, Marekani, walipewa hataza ya kifuko cha kitambaa mwaka 1903. Inasimuliwa pia kwamba mfanyabiashara mmoja wa New York, Thomas Sullivan, alikuwa akiwapelekea wateja sampuli za chai katika vijifuko vya hariri yapata mwaka 1908, nao wateja badala ya kuvifungua wakavitumbukiza vilivyo kwenye maji. Waingereza, ambao ndio tunaodhani tunawaiga, walikikwepa kifuko kwa miaka mingi, na kampuni ya Tetley ilianza kukiuza kwao mwaka 1953 tu. Isitoshe, wapishi wetu wa misibani na harusini hufunga majani katika kitambaa cheupe na kukitosa kwenye sufuria la watu mia. Wangeweza kabisa kudai kwamba nao ni wagunduzi.

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo penye maumivu. Kifuko kimoja cha kawaida kina gramu mbili za chai. Kijisanduku cha vifuko 25 basi kina gramu 50, na cha vifuko 50 kina gramu 100. Uzito huo umeandikwa kwenye sanduku, kwa herufi ndogo. Namwomba kila mama na kila baba anaposimama mbele ya kaunta afanye hesabu moja tu: achukue bei, aigawe kwa gramu, kisha afanye vivyo hivyo kwa pakiti ya majani iliyo pembeni yake. Atakuta kwamba kwa gramu zile zile kifuko ni ghali zaidi, na mara nyingi kwa tofauti ya kushangaza. Hiyo tofauti ni bei ya karatasi, uzi, kile kikaratasi cha kushikia, na sanduku lenye picha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachonyweka.

Nyumba ya watu sita wanaokunywa vikombe viwili kwa siku ingehitaji vifuko 12 kila siku, yaani vifuko 360 kwa mwezi wa siku 30. Nani anaviweza? Ndiyo maana tunaona kifuko kimoja kikizungushwa vikombe vitatu, kikikamuliwa kwa kijiko hadi kipasuke, na mdogo kuliko wote akipata maji ya rangi ya mchanga. Wengine huvitosa viwili katika chupa ya chai asubuhi na kuviacha humo, nyuzi zikining'inia nje. Kufika saa tisa alasiri chai hiyo ni chungu kama mwarobaini, na sukari huongezwa kuufunika uchungu.

Zaidi ya bei, chai ya kwetu hailingani na kifuko. Sisi hatutumbukizi, sisi tunapika. Chai ya maziwa yenye tangawizi inataka moto na nafasi. Kifuko kikitiwa kwenye maziwa hutoa rangi kwa shida, tena ladha hafifu. Chembe zilizo huru ndani ya sufuria hucheza zote, kila moja ikaguswa na maji.

Kuna jambo la tangawizi ambalo wapishi wengi wanalijua kwa mazoea bila kuambiwa sababu yake. Tangawizi mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa. Ukiiponda na kuitia kwenye maziwa ya uvuguvugu, yanakatika, nawe utamlaumu muuza maziwa bure. Ichemshe kwanza katika maji, ichemke hasa, nguvu hiyo ife. Ndipo utie majani, uyaache dakika tatu au nne kwenye moto mdogo, halafu maziwa, uchemshe tena mara moja na kuchuja papo hapo. Kwa lita moja ya maji na maziwa, kijiko kimoja kikubwa kilichojaa kinatosha. Anayependa hiliki au mdalasini aviponde viingie pamoja na tangawizi.

Maji nayo yana neno lake. Wanaoteka visima vyenye chumvichumvi, na Handeni wanaijua shida ya maji kuliko sehemu nyingi, huona utando juu ya kikombe na rangi ya chai iliyofifia kama ya kiatu kikuukuu. Kosa si la majani. Madini ya maji hayo hushikamana na chai. Mwenye maji ya mvua aliyoyakinga kwa usafi ayawekee chai akiba, ataona tofauti kwa macho. Asiye nayo, kifuko hakitamwokoa, kwani maji ni yale yale.

Je, kifuko hakina kazi kabisa? Kinayo. Mzee anayeishi peke yake na kunywa kikombe kimoja hana haja ya kuwasha moto wa sufuria. Karani ofisini, muuguzi wa zamu ya usiku, msafiri aliyeshuka kituo cha mabasi cha Korogwe na anaogopa chujio asilojua limeoshwa lini, hao wote kifuko kimewafaa, tena kwa haki. Ila wanaopenda vile vifuko vya kung'aa vinavyofanana na chandarua wajue kwamba vingi ni vya plastiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, walichapisha mwaka 2019 kwamba kifuko kimoja cha aina hiyo katika maji ya moto kilimwaga chembe ndogo mno za plastiki zaidi ya bilioni 11. Hawakuthibitisha kwamba mnywaji ataugua. Mimi lakini sioni sababu ya kuzilipia.

Na iwe ya kifuko au ya majani, chai nzito pamoja na chakula huzuia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika maharage na mboga. Mama mjamzito aliyepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivimeze kwa chai. Avimeze kwa maji, chai isubiri saa moja au mbili.

Majani yana adui mmoja mkubwa, nalo ni duka lenyewe. Chai hunyonya harufu kama sponji. Ikipimwa kutoka gunia lililo kati ya sabuni, mafuta ya taa na dagaa, itakuja nyumbani na habari za wote watatu. Nunua pakiti iliyofungwa, ukifika ihamishie kwenye kopo kavu lenye mfuniko, mbali na jiko.

Tusisahau pia mkono uliochuma. Kutoka kituo cha utafiti cha Amani, kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902 na ambako chai ilijaribiwa mapema, zao hili lilienea Usambara. Kilo moja ya chai kavu inataka kilo nne na nusu hadi tano za majani mabichi, zilizochumwa majani mawili na chipukizi kimoja, mgongoni kapu, miguuni utelezi. Kiwanda cha Mponde, Bumbuli, kilifungwa mwaka 2013 kwa sababu ya mgogoro, na kwa miaka wakulima wadogo waliangalia mashamba yao yakigeuka pori, kwa kuwa chai isiyochumwa wala kupogolewa huwa mti. Baadaye mifuko ya PSSSF na WCF ilichukua jukumu la kukifufua. Sehemu kubwa ya chai yetu imekuwa ikiuzwa nje, mingi kupitia mnada wa Mombasa, na ni mwaka 2023 tu ndipo mnada wetu ulipoanzishwa Dar es Salaam. Tunakunywa kidogo ya kwetu, na hicho kidogo tunataka kije na uzi ndipo tukione cha maana.

Mgeni akija Kwamsisi, ya Korogwe au ya Handeni, apewe chai iliyopikwa kwa majani ya mlimani, na kama nyumba haina maziwa siku hiyo, uani kuna mchaichai. Anayeona amedharauliwa kwa kikombe hicho, mwacheni aende zake. Kuhusu sukari, ambayo katika nyumba nyingi inakula fedha kuliko majani yenyewe, tutazungumza wiki ijayo.