Kazi Ipo, Nyumba Hakuna



Kisiwa cha Martha's Vineyard, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, kina wakazi wapatao 20,000. Wakati wa kiangazi wageni huja kupumzika, na idadi hiyo huongezeka mara kadhaa.

Wako wakosao makao huko, wala si kwa uvivu. Seremala ana kazi, mpishi ana kazi. Lakini ifikapo Juni mpangaji huambiwa atoke, kwani mgeni aweza kulipa kwa juma moja kuliko yeye kwa mwezi mzima. Basi hulala hemani, au ndani ya motokaa pamoja na watoto, hata Septemba. Kujenga nako ni ghali, maana mbao na saruji huvushwa baharini.

Ajabu ni kwamba zaidi ya nusu ya nyumba za kisiwa ni za msimu tu. Wakati wa baridi nyingi hufungwa, hazina mtu.