Utafiti wa Sayansi na Hisabati Kibaha na Kisarawe: Kwa Nini Tuanze Sasa

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani wa Minaki)



Mwenyekiti aliniomba niseme juu ya elimu kwa ufupi na bila hesabu nyingi. La ufupi nitajitahidi. La hesabu halitawezekana, kwa kuwa hesabu ndiyo shauri lenyewe.

Baadhi yetu tuliofundisha sayansi na hisabati katika Mkoa wa Pwani tumekuwa tukikutana kupanga utafiti wa miaka mitano katika shule za sekondari za Kibaha na Kisarawe. Swali letu ni moja: je, mageuzi ya masomo haya yanambadilisha mtoto darasani, au yanabadilisha jalada la kitabu tu?

Ndugu Mwenyekiti, mageuzi si mageni kwetu. Mwaka 1962 wataalamu walikutana Entebbe wakaanza kuandika vitabu vya hisabati mpya, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizovitumia. Watoto wakafundishwa seti, wazazi wakaduwaa, na baada ya miaka kadhaa mambo yakaachwa. Mwaka 2004 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zikachipuka nchi nzima. Mwaka 2005 Fizikia na Kemia ziliunganishwa kuwa somo moja. Muda si mrefu zikatenganishwa tena. Mwaka 2014 wananchi walihimizwa kuchangia ujenzi wa maabara tatu katika kila sekondari ya kata.

Tutazame hilo la mwaka 2005. Mtoto huchukua miaka minne kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne. Mpango ule haukudumu hata muda huo. Kwa hiyo waliousifu na waliouponda, wote walikuwa wakibahatisha. Tukivuna muhogo kabla haujakomaa, hatuwezi kusema mbegu ilikuwa nzuri au mbaya.

Wakati huohuo hali haitungojei. Katika mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2023, takriban mtahiniwa mmoja tu katika kila wanne ndiye aliyefaulu Hisabati. Hao wengine watatu ni watoto wetu.

Mtauliza kwa nini tuanze sasa. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na elimu ya msingi inapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 wanaendelea na mtaala wa zamani, na watamaliza darasa la saba mwaka 2027. Waliokuwa darasa la tatu waliingia mtaala mpya, nao watamaliza darasa la sita mwaka huohuo wa 2027. Januari 2028 makundi yote mawili yanatazamiwa kubisha hodi kidato cha kwanza kwa pamoja, mbele ya mwalimu yuleyule. Nafasi ya kuwalinganisha namna hiyo haitarudi. Lakini hapana budi tukumbuke kwamba wa darasa la sita watakuwa wadogo kwa mwaka mmoja, na madarasa yatakuwa yamefurika. Ndiyo maana tunataka kuanza na watakaoingia Januari 2027, kabla ya wimbi hilo, ili tuwe na kipimo cha hali ya kawaida. Kundi la kwanza litafika kidato cha nne mwaka 2030, na la pili mwaka 2031.

Na kwa nini Kibaha na Kisarawe? Kibaha iko juu ya barabara ya Morogoro. Hapo nchi za Nordiki zilijenga mradi mkubwa miaka ya 1960, uliokabidhiwa kwa Serikali mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Sekondari yake ya wavulana imekuwa ikipokea vijana waliochaguliwa kwa alama za juu. Kisarawe nayo ina Minaki yetu, yenye asili ya Kiungani, Unguja. Lakini ukipita Maneromango kuelekea vijiji vya ndani, utakuta shule za kata ambazo mwalimu mmoja wa hisabati akihamishwa, somo linahama naye. Mkoa ni mmoja, mtihani ni mmoja. Kwa sababu hiyo utafiti wetu utachukua shule za kata tatu kila upande. Shule za vijana wa kuchaguliwa tutazitembelea kujifunza, ila hatutazilinganisha na hizo. Kufanya hivyo ni kushindanisha aliyepanda basi na anayetembea kwa miguu.

Tumekubaliana kupima mambo manne.

Kwanza, lugha. Mtoto huyu amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na kidato cha kwanza anakutana na Fizikia kwa Kiingereza. Anayeuza mkaa njiani na kurudisha chenji bila kukosea senti anaweza kukwama mbele ya swali la uwiano kwa sababu hakuelewa sentensi. Hivyo nusu ya darasa itapewa swali kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, kisha watabadilishana kwa maswali mengine yenye uzito uleule. Tutajua kinachomshinda ni hesabu au ni maneno.

Pili, majaribio. Hatutauliza kama maabara ipo. Tutafungua madaftari na kuhesabu majaribio ambayo mwanafunzi ameyafanya kwa mikono yake.

Tatu, vipindi. Ratiba ukutani ni jambo moja, na vipindi vilivyofundishwa ni jambo jingine.

Nne, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni watakaotoweka. Shule ikipoteza wanyonge wake njiani, wastani wa ufaulu hupanda, na mkuu wa shule hupongezwa. Sisi tutaandika majina ya wote siku ya kwanza, na asiyeonekana tutamfuata hadi kwao.

Kazi haitaanza bila kibali cha utafiti, idhini ya mkoa na wilaya, na ridhaa ya wazazi. Majina ya watoto hayatachapishwa.

Ndugu Mwenyekiti, nilipokuwa nafundisha, watafiti walifika shuleni kwetu zaidi ya mara moja. Tulijaza fomu zao, tukawapa vipindi vyetu, tukawaaga. Hakuna aliyerudi kutuambia alichokiona. Kwa hiyo tumeweka sharti: kila mwisho wa mwaka matokeo yatasomwa kwa Kiswahili mbele ya walimu na wazazi wa shule husika, yawe matamu au machungu, kabla hayajapelekwa kwingine.

Sasa nisemalo kwenu. Tafiti nyingi hufa mwaka wa pili, fedha za mwanzo zinapokwisha na hamu inapopoa. Sihitaji harambee ya siku moja. Nahitaji wastaafu kumi na wawili, wawili kwa kila shule, watakaokubali kuifikia shule yao kila muhula kwa miaka mitano, masika na kiangazi. Wenye magari watusaidie njia ya Mlandizi hadi Maneromango. Wenye ofisi watutunzie orodha zetu mahali pasipovuja. Na wenye vyeo, ambao nawaona wamekaa mbele, naomba jambo moja tu: majibu yakija kinyume na tulivyotarajia, tusiyafungie kabatini.

Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni.