Kikombe cha Uji na Mjukuu Ambaye Bado Hajazaliwa



Naanza na neno la kwetu: kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, miguu ikavimba hata ukiibonyeza kwa kidole gumba shimo linabaki, nywele zikawa nyekundu na kunyonyoka, majirani husema amebemendwa. Wazazi hawakusubiri; mama kashika mimba nyingine. Lawama humwangukia mama.

Mwaka 1933 Dkt. Cicely Williams, akifanya kazi Gold Coast, Ghana ya leo, aliandika juu ya watoto wa namna hiyohiyo. Waga wa Accra walikuwa na jina lao, kwashiorkor: ugonjwa wa mtoto anayepokonywa titi mdogo wake anapokuja. Sisi twauita unyafuzi. Waga na Waswahili, wasiojuana, waligundua saa ileile ya hatari. Ila Williams hakuchungulia chumba cha wazazi. Alichungulia bakuli, akakuta uji wa mahindi mtupu.

Mahindi yana protini, lakini asidi amino mbili, lysini na triptofani, ni haba, na mwili hauwezi kujitengenezea. Msusi wa mkeka akiishiwa chane nyekundu, ua halikamiliki hata chane nyeupe zikijaa chumba. Ndivyo inavyokuwa kwenye ncha za mifupa ya mtoto: seli hupima asidi amino zilizopo, na zikipungua, ukuaji hupunguzwa mwendo. Wengi wa watoto hawa hawavimbi. Wanabaki wafupi tu, na kwa kuwa wenzao wa mtaani ni wafupi vilevile, hakuna anayeshtuka. Huo ndio udumavu, na mimi nauogopa kuliko unyafuzi kwa sababu haupigi kelele.

Sasa nawapeleka Guatemala. Kuanzia 1969 hadi 1977, taasisi ya lishe ya INCAP iligawa vinywaji katika vijiji vinne, mara mbili kwa siku. Vijiji viwili vilipata uji uitwao atole, wenye maziwa ya unga. Kikombe cha mililita 180 kilikuwa na gramu 11.5 za protini. Viwili vilipata fresco, kinywaji kitamu kisicho na protini kabisa. Nikiri kwamba atole ilikuwa na nishati nyingi zaidi pia, hivyo si haki kuipa protini sifa yote. Lakini watoto wale walifuatiliwa hadi wakawa watu wazima. Wanaume waliokunywa atole katika miaka 2 ya kwanza ya maisha walikuja kupata ujira wa saa mkubwa kwa asilimia 46. Tena wasichana waliolelewa kwa atole walipokuwa mama, watoto wao walizaliwa na uzito zaidi ya gramu 100 juu ya wale wa mama wa fresco, na wakawazidi urefu kwa zaidi ya sentimita moja.

Mjukuu hakukionja kikombe kile. Kilinywewa na mama yake alipokuwa mtoto.

Turudi nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Iringa walikuwa zaidi ya nusu. Njombe na Rukwa, takribani nusu. Hii ni mikoa inayotulisha! Maghala yamejaa mahindi, na mtoto anashiba ugali mchana na jioni. Tusiseme basi kwamba wana njaa. Kinachokosekana ni maharage, dagaa, karanga, yai, na mtu wa kumpikia mtoto mara kadhaa kwa siku wakati mama yuko shambani.

Mwezi uliopita, katika kijiji kimoja cha Nyanda za Juu Kusini, nilikaa na binti mwenye mimba ya miezi mitano aliyekuwa akijiandaa kwenda mnadani. Nilimuuliza kama anakula mayai. Wifi yake akajibu kabla yake: mjamzito akila mayai, mtoto huzaliwa bila nywele. Binti akanyamaza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba hata hivyo mayai hayo ni ya ada ya shule. Tulihesabu pamoja. Kwa wiki mbili kuku wake sita walikuwa wametaga mayai 30. Yote yalikuwa kwenye trei.