Nyanya Aketi Kwanza

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya mengine yote kupangwa, nalo ni picha za jamaa siku ya arusi. Pengine mtauliza, "Hilo nalo ni neno la kuzungumzwa redioni?" Ngojeni kidogo.

Upande wetu wa Likoni, maarusi wengi wakitoka kanisani hupenda kwenda Shelly Beach kupigwa picha. Bwana na bibi arusi hutembea mchangani, wasimamizi hucheka na kurukaruka, mpiga picha naye hafungi mkono. Jua linapoanza kuinama, mtu mmoja huuliza, "Je, nyanya amepigwa picha?" Kumbe nyanya yumo garini tangu alasiri. Miguu yake haiwezi mchanga, na hakuna aliyekumbuka kumletea kiti.

Ndugu zangu, hilo si dogo. Mwajua wenyewe jinsi mambo yalivyo msiba unapoingia nyumbani. Picha ya marehemu hutafutwa ya kuwekwa mbele ya jeneza. Makabati hufunguliwa, watu huulizwa Changamwe, huulizwa Kisauni. Mara nyingi ile inayopatikana imekatwa kutoka katika picha ya arusi ya mtu mwingine. Basi siku ya arusi hatuwapigi picha maarusi peke yao. Twawapiga pia wazee ambao huenda hawatapata tena siku ya kuvaa vizuri na kuzungukwa na wajukuu wao wote.

Zamani watu walilazimika kufikiri. Jamaa walipokwenda studio, kama ile ya Parekh mjini Mombasa, au walipomwita mpiga picha nyumbani, filamu moja ilitoa picha 12, au 36 ikiwa ni ile nyembamba. Kila picha ilikuwa na gharama yake. Kwa hiyo waliulizana kwanza: nani aketi, nani asimame, nani asikose. Leo simu moja hupiga picha mia tano kwa siku, na shangazi asionekane hata katika moja.

Basi tufanyeje? Kwanza, andikeni orodha. Majina yenu yanaposomwa kanisani kwa Jumapili tatu, yatumieni majuma hayo. Ukurasa mmoja uwe wa upande wa bwana arusi, wa pili uwe wa bibi arusi. Msiandike "watu wa kwa mama" tu; andikeni majina. Mpiga picha hawajui watu wenu. Kwake yeye, mjomba aliyekulipia karo na jirani aliyekuja kula pilau ni sawasawa. Kisha orodha hiyo mpeni mtu mmoja anayewajua wote, aite majina kwa sauti. Mnakumbuka arusi ya Kana: divai ilipokwisha, aliyeutambua upungufu na kusema alikuwa mama. Kila jamaa ina mama wa namna hiyo. Mpeni yeye kazi hiyo.

Pili, ijueni bahari. Siku za bamvua, yaani mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, nayo hujaa karibu na saa kumi alasiri, wakati ule ule maarusi wanapowasili. Mchanga huliwa na maji, na viti vya wazee hukosa mahali. Juma moja baadaye, siku za maji mafu, saa hiyo hiyo maji yamekupwa. Kabla ya kuchagua saa, muulizeni mvuvi yeyote.

Lijueni na jua pia. Shelly Beach hutazama mashariki. Asubuhi, mkisimama na bahari nyuma yenu, jua huwa mgongoni na nyuso huwa giza. Saa sita jua la utosini huyafanya macho kuwa mashimo. Karibu na saa kumi na moja jua huja kutoka upande wa bara, likaziangaza nyuso zenu vizuri. Lakini msichelewe, maana hapa kwetu jua halingoji saa moja usiku.

Tatu, picha kubwa ya jamaa ipigwe mlangoni pa kanisa, mara ibada inapokwisha, hasa ikiwa arusi imefanyika kisiwani. Mkishafika kivukoni mmetawanyika: wenye magari wako kwenye foleni ya feri, waendao kwa miguu wamekwisha kuvuka, na babu amechoka, ataka kurudishwa nyumbani. Pwani waachieni vijana.

Sasa nimefikia lililo gumu. Ukiandika orodha utafika kwenye jina ambalo mkono unasita. Baba na mama waliachana. Yupo mama wa kambo aliyekulea. Wapo ndugu wawili wasiosalimiana tangu shamba lilipogawanywa. Wengi huliruka jina hilo wakisema, "Tutaona siku yenyewe." Siku yenyewe mtu huitwa mbele ya watu, mwingine hukataa kusimama karibu naye, na machozi yakatoka mbele ya kamera. Heri ujue mapema. Wasioweza kusimama pamoja wapigwe picha mbili, na kila mmoja aambiwe kabla, kwa heshima. Au uende ukawaone, ukawaombe wasimame pamoja dakika moja tu kwa ajili yako. Huenda wakakataa. Lakini wapo watu waliokuwa wakingoja miaka mingi waombwe.

Basi, wewe mwenye arusi mbele yako, leo usiku chukua karatasi. Juu kabisa andika jina la yule aliye mzee kuliko wote katika jamaa yenu, na kando yake uandike: kiti. Kisha endelea na wengine.

Kwaherini, na Mungu awabariki.