Chai ya Moto na Saratani ya Umio

Leo tuzungumzie umio, yaani mrija unaopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Saratani ya umio imewapata wengi Bonde la Ufa. Kule Bomet, hospitali ya Tenwek imewatibu hata wagonjwa wasiofika miaka 30.

Wengi hudhani saratani ni seli moja mbaya iliyoota peke yake. Sivyo. Mkulima anajua mbegu hutaka udongo unaoifaa. Mwaka 1889 daktari Stephen Paget wa Uingereza alitumia mfano huo kueleza jinsi saratani inavyosambaa mwilini. Udongo wenyewe ni seli jirani, mishipa ya damu na kinga ya mwili. Utando wa umio ukiunguzwa kila siku, huvimba na kujijenga upya bila kupumzika, na hapo seli mbaya hupata pa kuota. Mwaka 2016 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema kwamba vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 huenda vikaleta saratani hii. Chai haina kosa, mama, kosa ni ule moto. Sigara na pombe nazo huongeza hatari.

Utando huanza kubadilika kabla chakula hakijakwama. Madaktari wa Tenwek waliwapima watu 305 wasio na dalili yoyote, kwa kamera nyembamba inayopitishwa mdomoni, wakanyunyizia iodini ndani ya umio. Seli zenye afya zina akiba ya sukari, kwa hiyo hugeuka kahawia. Zilizoharibika hubaki na rangi hafifu. Matokeo yalitolewa 2016: kama watu 14 katika kila 100 walikuwa na seli zilizobadilika. Hiyo bado si saratani, na sehemu mbaya ikigunduliwa mapema huweza kuondolewa kwa kamera hiyo hiyo, bila kupasua kifua.

Basi mwangalie baba au nyanya pale mezani. Akiacha ugali na kuomba uji tu, akisukuma kila tonge kwa maji, au akikonda, usimnunulie tena dawa ya vidonda vya tumbo. Mpeleke kituo cha afya wiki hiyo hiyo, mwombe daktari barua ya kwenda kupimwa kwa kamera.

Na chai ikitoka kwenye chupa, iache kikombeni ipoe hadi mtu aweze kuinywa bila kuipuliza. Ya watoto ipoe zaidi.