Tangi Lijazwe Nchi Kavu
(Mazungumzo yetu na wajumbe wa kamati za parokia, Tukuyu)



Huenda mkajiuliza: sisi watu wa milimani, wa ndizi na chai, tuna habari gani na mafuta ya boti? Tunayo. Tunaposhuka Kyela kwenda kupanda boti Matema, dumu la petroli mara nyingi tunatoka nalo hapa Tukuyu, na usiku wake limelala nyumbani kwa mmoja wetu.

Tukumbuke kwamba kinachoshika moto ni mvuke wa petroli. Mvuke huo hutoka hata kwenye baridi yetu ya Julai. Tena ni mzito kuliko hewa. Ukiingia ndani ya boti, hutuama chini ya mbao, na cheche moja inatosha. Sote tunakumbuka Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka. Waliokufa walizidi 100.

Tunakiri kosa letu. Tumewahi kujaza tangi ndani ya boti, abiria wameketi, kwa kuwa jua lilikuwa linazama. Hakuna aliyeumia, lakini haraka ile haikuwa na sababu ya kutosha.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Kwanza, abiria washuke, injini izimwe, sigara na simu ziwekwe mbali. Pili, tangi la kubebeka lishushwe na kujazwa nchi kavu. Tatu, kituoni dumu liwekwe chini ardhini, si juu ya gari wala pikipiki, na mdomo wa pampu uguse dumu. Mafuta yakitiririka huzaa umeme, nao huweza kuruka kama cheche. Ndiyo maana wanaojaza ndege ndogo huiunganisha kwanza kwa waya na pampu au pipa.

Nne, tuige marubani tena: kabla ya kuruka hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi na kutazama kama yana maji, maana maji hukaa chini. Kwa mvua za Rungwe, dumu lisilofungwa vizuri huingia maji, na injini ikizimika katikati ya ziwa penye mawimbi, hatari ni ya wote.

Tano, tusivute petroli kwa mdomo. Aliyeimeza asitapishwe, apelekwe hospitali mara moja. Na dumu lisilale tena ndani ya nyumba wanamolala watoto.

Wafadhili wetu, katika hesabu zetu mmezoea kuona petroli, lakini kizimamoto hamjakiona. Tunaomba kila boti ipate kizimamoto cha unga na tangi lenye kifuniko kizima. Nanyi wajumbe, mpeni mwenye boti ruhusa ya kusema, "Subirini kwanza," hata kama mgeni ni mkubwa.